Kuku wa Mama Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya baridi huko Buffalo. Mama yangu aliamka, akavaa kitenge chake cha kanisani, akaniambia niwashe gari nimpeleke Columbus. Nilicheka. Mama hakuwa mtu wa safari. Tangu tulipoletwa Marekani kutoka kambi ya wakimbizi alijua njia mbili tu, ya kanisani na ya dukani, na zote alizikanyaga kwa miguu yake. Nilipomuuliza anakwenda kufanya nini huko, akasema ana mtu wake. Mtu gani tena? Columbus sisi tulikuwa na mtu mmoja tu tunayemfahamu, na huyo mama yangu alikuwa hajawahi kumwangalia usoni.

Lakini ngoja nikueleze taratibu, haraka haraka haina baraka. Wiki iliyopita kijana mmoja aliingia dukani kwangu hapa South End, Louisville, mji niliohamia baadaye, ninapouza dagaa, sombe, yaani kisamvu, na unga wa muhogo. Akazunguka, akashika hiki akaacha kile, kumbe anangoja wateja waishe. Walipokwisha akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anasoma, hana kazi ya maana, mtoto wake anakaa na mama wa mtoto mji mwingine, na sasa anaitwa mahakamani. Akataka kujua kama mwanafunzi naye anadaiwa matunzo ya mtoto. Nikamfungia sombe yake, nikamwambia akae juu ya gunia la mchele. Niliyomsimulia siku ile ndiyo ninayokusimulia na wewe, iwe mtoto unaye wewe au anaye mwenzako.

Huyo mtu wa Columbus aliitwa Elisha, baba wa binti yangu Furaha. Tulioana Buffalo, tukapanga nyumba mtaa wa Black Rock, hatua chache kutoka kwa mama. Elisha alifanya kazi kwenye ghala, kubeba na kupanga maboksi, na mimi nilihudumia wazee kwenye nyumba moja ya Kenmore. Hatukuachana kwa ngumi, Mungu ni shahidi. Tuliachana kwa ulimi, na wangu ulikuwa mrefu kuliko wake. Nikamchukua Furaha, aliyekuwa na miaka minne, nikarudi kuishi kwa mama.

Sasa hapo ndipo mambo yalipofunga fundo. Kwetu Fizi, tulikotoka kabla ya kambi, mwanaume na mama mkwe wake wanaogopana. Si uoga wa ugomvi, ni heshima. Hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali mmoja mbele ya mwenzake. Mama akimwona Elisha alivuta kitenge akafunika uso, na Elisha akimwona mama aligeukia ukuta. Kijijini kuna vichaka vya kujificha, lakini Black Rock utajificha wapi? Siku moja walikutana kituo cha basi. Mama akarudi nyuma ya duka la pembeni, Elisha akavuka barabara, na basi likapita likawaacha wote wawili. Nilicheka mpaka mama akaninunia.

Heshima hiyo ina mlango wake, usifikiri wazee wetu walikuwa wajinga. Mkwe akiwa tayari, anamletea mama mkwe kuku aliyenona. Mama mkwe akimpokea, wanatazamana, na tangu siku hiyo wanaweza kusemezana na hata kukaa chumba kimoja. Elisha hakuwahi kuleta kuku huyo. Mwanzoni alisema anatafuta wa kienyeji, eti hawa wa hapa ni mafuta matupu. Alikuwa bado anatafuta tulipoachana.

Basi mtoto yuko kwa mama mkwe, na baba hawezi kukanyaga kwa mama mkwe. Majuma ya mwanzo alikuwa akija, anaegesha gari nje, mimi namtoa Furaha, wanakaa humo garini wanakula viazi vya kukaanga. Baridi ilipokaza mtoto akaanza kukohoa, na ziara zikapungua. Halafu nikasikia ameacha kazi ya ghala, amekwenda Columbus kusomea kutengeneza mashine za hospitali. Na tangu alipokwenda, hakuna kilichokuja. Nikimpigia simu ananijibu kwa upole, sitaki kumsingizia, lakini majibu yalikuwa yale yale. Yeye sasa ni mwanafunzi, akimaliza ataleta. Na kuhusu kuja kumwona mtoto, ataingiaje nyumba ya mama mkwe? Kaka yake, aliyekuwa hapa hapa Louisville, alikuwa amemjaza maneno kwamba mwanafunzi hadaiwi, na kwamba mahari ilishatolewa, mtoto ni wa ukoo wao, nani amesikia mtu analipia mtoto wake mwenyewe?

Nikaenda mahakamani. Watu wengine kanisani walinisema, kwamba mwanamke wa heshima hampeleki mwanaume mbele ya mzungu. Niliwaacha waseme, maana anayelala na mgonjwa ndiye anayejua usiku ulivyo mrefu. Mama alikuwa akibaki na Furaha nikiwa kazini, na magoti yake yalishaanza kumsumbua. Furaha alihitaji wa kumlea, alihitaji viatu vya theluji, alihitaji baba. Hayo ndiyo niliyomwambia kila mtu. Lakini moyoni, mwanangu, nilikuwa na jingine. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akiacha kazi kwa hiari yake, hakimu anaweza kuhesabu mshahara ule aliouacha kana kwamba bado anaupata. Nikasema, hewala. Ahesabiwe mshahara wa ghala wote. Deni limpande mpaka shingoni, aiache hiyo shule, arudi abebe maboksi kama zamani. Na Elisha alikuwa anaelekea kunirahisishia kazi, maana nilisikia kwamba hata mahakamani hana mpango wa kutokea.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mama aliponiambia niwashe gari.

Aliketi mbele akiwa na sufuria magotini, limefungwa kwa kitambaa safi, hataki kuliweka chini hata nilipomsihi. Furaha alikuwa nyuma, anauliza kwa Kiingereza kila baada ya dakika kama tumefika, na mama anamjibu kwa Kibembe, lugha yetu, kwamba dunia ni kubwa, atulie. Tulipita Cleveland theluji inapepea. Gari zima lilinukia kuku wa mawese. Nikaanza kushuku, lakini nikajiambia haiwezekani. Jambo kama lile halijawahi kutendeka.

Elisha alikuwa anaishi na wanafunzi wenzake ghorofa ya chini. Aligongewa, akafungua, akamwona Furaha, uso wake ukang'aa hata mimi niliyekuwa na hasira niliona. Akainama kumbeba. Ndipo alipomwona mama nyuma yetu. Alimshusha mtoto, akakimbia, akajifungia bafuni. Mwanaume mzima, mwanangu, ana ndevu.

Mama aliingia, akaweka sufuria mezani, akavuta kiti akakigeuza kuelekea mlango wa bafu, akaketi. Halafu alifanya jambo lililonifanya nishike ukuta. Alifungua kitenge kile alichokuwa akifunikia uso miaka yote, akakikunja vizuri, akakiweka ndani ya mkoba. Uso wake ulikuwa wazi, na mikono yake imetulia juu ya mapaja. Nilikuwa nimemjua mama yangu tangu kuzaliwa, lakini siku ile nilimtazama kama mtu niliyekuwa sijaambiwa habari zake.

Furaha akaenda kugonga mlango kwa kiganja, anaita, "Papa, toka." Ndipo mama akamwita kwa jina. Hakuwahi kulitamka jina lile, alikuwa akisema "yule" au "mwenye mtoto."

"Elisha. Toka. Leo sina kitenge usoni."

Alitoka ameelekea ukutani, mabega yamemshuka. Mama akamwambia ageuke, akageuka, lakini macho yako sakafuni. Mama akangoja. Nakuambia alingoja kama mtu anayengojea maji yachemke, hana haraka wala hasira, mpaka yule kijana akainua macho. Wakatazamana.

"Bon, haya," mama akasema. "Kwetu mkwe ndiye analeta kuku. Nilikungoja, hukuleta. Donc, basi, nimemleta mimi. Kuku wako nimekutolea mwenyewe, na mimi mwenyewe nimempokea. Sasa hakuna mila tena kati yako na mlango wangu. Utasema nini kingine?"

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimeona watu wakitoa mengi katika maisha yangu, lakini sijaona tena mtu anayemlipia mwenzake heshima ambayo yeye mwenyewe ndiye anayeidai. Elisha alijaribu kusema. Alisema anasoma, hana kitu, anaona aibu kuja na mikono mitupu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani kakwambia uache kusoma? Soma. Lakini Furaha hajaacha kula kwa sababu baba yake yuko darasani. Mguu wake unakua, haungojei mtihani wako. Ukiwa na kidogo, njoo useme mbele ya hakimu kwamba ni kidogo. Ila njoo. Mficha uchi hazai."

Elisha alilia. Sikufurahi, ingawa nilikuwa nimeingoja siku ya kumwona analia. Mama akafunua sufuria, akampakulia, akamwekea na firigisi, sehemu ya mwenye nyumba. Sote tulikula isipokuwa mama. Nilipomuuliza, akasema atakula siku mkwe wake atakapompikia kwa mkono wake.

Njia ya kurudi Furaha amelala, mimi naendesha huku najisikia mshindi, maana mama amekwenda kumkemea mwanaume wangu nyumbani kwake. Tulipopita Cleveland ndipo mama aliponigeukia.

"Na wewe," akasema.

Aliniambia kwamba anajua ninachokitaka. Hakuna aliyemwambia, alikiona tu. Akasema nataka mwenzangu aanguke, na akaniuliza akianguka atamwangukia nani kama si huyo mtoto aliyelala nyuma. Akasema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi, na mimi ninajiita mama wa nyasi huku ninakanyaga. Mtu aliyeacha shule kwa kulazimishwa, akasema, ataleta matunzo miaka miwili kwa chuki, halafu atapotelea mji ambao hata simu hatutaijua. Aliyemaliza ataleta mpaka mtoto awe mtu mzima. Akaniuliza ninataka kipi, kumshinda Elisha au kumlea Furaha, kwa sababu vyote viwili haviingii kwenye sufuria moja. Nilisimamisha gari kituo cha mafuta nikalia. Mama akanipa kile kitenge nikajifutia uso.

Siku moja kabla ya kesi, mlango wetu wa Black Rock uligongwa. Alikuwa Elisha, na begi la shule mgongoni. Mama alimfungulia mwenyewe, akamkaribisha ndani, akamtandikia kwenye kochi. Mkwe akalala nyumba ya mama mkwe! Majirani zetu wa Fizi walikuja kuchungulia kwa visingizio, mmoja anaomba chumvi, mwingine anauliza saa. Furaha alilala kifuani kwa baba yake, na asubuhi niliwakuta hivyo hivyo.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Alimuuliza Elisha kwa nini aliacha kazi, anasoma nini, atamaliza lini, anaweza kufanya kazi saa ngapi bila kuharibu masomo. Elisha alijibu yote, hakupunguza. Alisema Jumamosi na Jumapili zake ni huru. Hakimu akamwambia wazi kwamba kusoma hakumwondolei mtu wajibu wa mtoto, ila yeye ataangalia pia kama shule hiyo ni ya kweli na kama itamsaidia mtoto baadaye. Halafu akanigeukia mimi, akaniuliza kama nina la kusema juu ya uwezo wa huyu baba.

Mwanangu, mshahara wa ghala ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa nimeukariri kama aya ya Biblia. Nikatazama nyuma. Mama ameketi kwenye benchi, uso wazi, haelewi hata neno moja la Kiingereza kile, ananitazama kama alivyomtazama Elisha.

Nikamwambia hakimu kwamba Elisha ana uwezo wa kumaliza shule, nimeishi naye namjua. Aachwe asome. Lakini asome akijua kwamba ana mtoto, na kila mwezi mtoto ajue kwamba ana baba. Mkalimani wa mahakama alipomtafsiria mama, mama aliitikia kwa kichwa mara moja tu, akaanza kufunga viatu vyake vizuri tayari kwa kuondoka, kana kwamba kesi imekwisha.

Hakimu aliamua kiasi kidogo, kinachotokana na kazi anayoweza kuifanya mwishoni mwa juma, na akamwonya kwamba hali ikibadilika arudi aseme, asikae kimya. Ilikuwa kidogo kweli, sikufichi. Lakini ilifika. Mwezi wa kwanza ilifika, na wa pili, na kidogo kidogo hujaza kibaba. Kipindi fulani kazi ya wikiendi ikamponyoka, akarudi mahakamani mwenyewe kabla hajadaiwa, akaeleza, akapunguziwa kwa muda. Na alipomaliza masomo akaajiriwa hospitalini, unajua alifanya nini? Alirudi tena, bila kuitwa na mtu, kusema kwamba sasa anapata zaidi na mtoto aongezewe. Nilishika kichwa. Mimi niliyetaka kumzamisha, ningekuwa nimeuzamisha mkono ule ule unaomlisha mwanangu.

Hatukurudiana, kama unangojea hilo. Kila mtu alikwenda njia yake, na njia zetu zote zilipita kwa Furaha.

Siku aliyohitimu, Elisha hakufanya sherehe Columbus. Aliendesha gari mpaka Black Rock akiwa bado na lile joho, ana sufuria kwenye kiti cha mbele, amelifunga mkanda kama abiria. Ndani yake mlikuwa na kuku aliyempika mwenyewe. Alikuwa ameungua nje na mbichi kwenye mifupa, nakuapia, kuku wa ovyo kuliko wote niliowahi kuona. Nikataka kumrudisha jikoni. Mama akanizuia. Alinawa mikono, akaketi mezani, uso wazi, akamega paja, akala mbele ya mkwe wake. Alikula taratibu mpaka akaacha mfupa, na Elisha amesimama pale na joho lake, machozi yanamtiririka. Furaha akauliza kwa Kiingereza kwa nini wakubwa wanalia wakati wa kula.

Basi sikia, mwanangu. Ukiwa wewe ndiye unayesoma, shule si shimo la kujificha. Ukiitwa, nenda. Usipokwenda, wataamua bila sauti yako, na hawatajua kwamba una mitihani wala kwamba una mikono. Sema unachopata, hata kama kinakuaibisha, na kikibadilika rudi useme tena mapema, maana deni lililokwisha lala ni gumu kuliamsha. Kila jimbo lina sheria zake, uliza wanaozijua, usiulize kaka yako wa Louisville. Na usichukue mila ya wazee ukaifanya pazia. Wazee walituwekea heshima ili watu wakae pamoja, hawakutuwekea ili mtoto akose baba.

Na ukiwa wewe ndiye uliyebaki na mtoto, dai haki yake, wala usione haya, wasemao waseme. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Lakini kila ukidai, jiulize unamdaia mtoto au unaidaia hasira yako. Hasira hasara. Mwenzako akiwa anapanda ngazi ya kweli, usiing'oe, maana mwanao yuko mgongoni kwake.

Yule kijana aliondoka na sombe yake. Mlangoni akasema kesi yake ni Jumatano, na kwamba atakwenda. Nikamwita nikampa na kuku mmoja wa barafu, nikamwambia huyo simuuzi.

Mama yangu bado yupo Black Rock, magoti yamekataa lakini macho yanaona mpaka ndani. Kila nikimpigia simu ananiambia niwabariki watoto wa watu wanaoingia dukani, basi nakupa baraka yake, kwa kuwa sina iliyo kubwa kuliko hiyo. Mungu akupe masomo yanayofika mwisho na riziki isiyokuonea haya. Akupe mtu atakayekugongea mlango unapojificha. Na siku mwanao atakapokua akakutazama usoni, Mungu akujalie usiwe na sababu ya kugeukia ukuta.